Plasta za Baba kwenye Kinanda

Madale, Kinondoni,
Dar es Salaam.
Alhamisi, 29 Mei 2025.

Mpendwa mdogo wangu Anselmo,

Shikamoo yako uliyoituma kwa simu Jumapili niliipokea. Marahaba. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Göteborg, mgongo umepoa na kazi ya zamu haikuchoshi kupita kiasi. Sisi hapa tupo. Mguu wa Mama umepungua uvimbe, anatembea hadi kwenye migomba na kurudi. Clara wangu anafunga shule kesho. Mimi ni mzima. Nakula, nalala, naenda kazini. Watu wakiniuliza nawajibu hivyo, na ni kweli.

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu kwenye simu hatuwezi. Mtandao ukikatika nadhani umenyamaza, na ukinyamaza nadhani mtandao umekatika. Hope, binti wa jirani yetu, anarudi huko Jumapili, atakubebea bahasha hii. Ndani kuna flashi. Usiichomeke kabla hujamaliza kusoma.

Maji yanatoka mara mbili kwa wiki. Barabara ya kupanda kwetu imechimbika tena kwa mvua. Gari lililokuja kuchukua maturubai na viti vya msiba lilikwama, likasukumwa na wanakwaya wa Baba.

Sasa swali lako. Siku ya mazishi, uliponipigia, uliniuliza kama Baba alikuwa anakipiga kile kinanda kidogo ulichomtumia Desemba. Nilikujibu kwamba nitakuangalizia. Shajara yangu ya siku hiyo ina mistari miwili tu: "Mvua asubuhi. Anselmo kauliza kinanda." Nimeangalia, na nitakueleza kwa mpangilio, kama nilivyoandika kila siku.

Jumatatu, tarehe 12, alikuja Brightson, ndiye anayeongoza kwaya sasa. Alisema kwaya inataka kuimba wimbo wa mwisho wa Baba kwenye misa ya arobaini, Jumamosi ya tarehe 14 Juni. Wimbo uko kwenye kaunta buku lake, kwa nota za solfa, zile za do-re-mi, mwandiko wake uleule. Siku hizi wanakwaya hawana muda wa mazoezi mengi. Kila sauti inarekodiwa kwa kinanda peke yake na kutumwa kwenye kundi la WhatsApp, kila mtu anajifunza yake akiwa kazini. Brightson hana kinanda. Nikasema kipo cha Baba.

Nilikitoa juu ya kabati jioni hiyo. Kilikuwa kimefungwa kwenye kanga ya Mama. Nilikichomeka kwenye ile laptopu niliyouziwa na shule ninakofanya kazi, kwa waya wa kuchajia simu. Taa ikawaka. Nikabonyeza vitufe vyote ishirini na vitano, kimoja kimoja. Hakuna sauti. Niliandika: "Kinanda kibovu."

Jumamosi, tarehe 17, nilikipeleka Tegeta kwa Muhdhar, yule mwenye duka la redio na feni ambaye Baba alikuwa anabishana naye mpira. Alifungua skrubu nane, akachungulia, akacheka.

"Sista Koku, mwizi wa spika ni nani?"

"Imeibiwa?"

"Haijawahi kuwemo. Angalia, hata mahali pa kuikalisha hapana. Huda! Njoo umsikilize shangazi yako, mie haya mambo yenu yamenipita."

Huda ni binti yake mkubwa, anarekodi kaswida za madrasa kwa kompyuta. Alikishika mara moja tu akajua. "Shangazi, hiki hakipigi muziki. Hiki ni mhudumu wa hotelini. Anachukua oda, anapeleka jikoni. Mpishi yumo kwenye kompyuta. Kompyuta yako ina mpishi?"

Nikamwambia haina.

"Basi hata ukimpigia makofi mhudumu, hutakula."

Akaniwekea programu ya kutengenezea muziki, ile ya bure. Kompyuta bado haikukiona kinanda. Huda aliuangalia waya wangu akautupa kwenye boksi. Alisema ule unapitisha umeme tu, haupitishi taarifa, ndiyo maana taa ilikuwa inawaka na maneno hayafiki. Akaweka mwingine. Akaingia kwenye mipangilio, akakuta jina la kinanda limejitokeza, akaliwekea tiki. Akafungua treki moja, yaani mstari wa kurekodia sauti moja, akaichagulia sauti ya piano, akabonyeza alama nyekundu ili treki hiyo ikisikilize kinanda. Nikabonyeza kitufe. Sauti ikatoka kwenye kompyuta, lakini kwa kuchelewa kidogo, kama mtu anayeitikia akiwa chumba cha pili. Nikasema si neno, nitaizoea.

"Usiizoee shangazi, hiyo inarekebishika." Akapunguza namba fulani, ikaacha kuchelewa.

Halafu akataka kubandua plasta. Sikukuambia kuhusu plasta. Juu ya vitufe saba kulikuwa na vipande vyembamba vya plasta ya kidonda, vimekatwa kwa mkasi vikalingana, na kila kimoja kina herufi kwa kalamu ya bluu: d, r, m, f, s, l, t. Nilidhani ni za Clara. Huda alisema zinachafua. Nikamwambia aziache, bila sababu.

Nyumbani nilibonyeza chenye d. Programu inaandika jina la nota kila unapobonyeza. Iliandika G. Nikafungua kaunta buku. Juu ya ule wimbo wa mwisho Baba ameandika: "Doh ni G." Ile t imebandikwa juu ya kitufe cheusi, na ndipo inapotakiwa kuwa ukianzia G. Clara hajui hayo. Na wino wa m na wa s ulikuwa umefutika nusu, kwa kubonyezwa.

Jumatano, tarehe 21, nilimuuliza Mama akiwa anachambua mchele. Naandika maneno yake kama nilivyoyaandika siku hiyo.

"Mama, Baba alijua hiki kinanda hakitoi sauti?"

"Alijua siku ileile kilipofika. Akasema kimeumia kwenye ndege."

"Mbona kwenye simu alimwambia Anselmo kinalia kama cha kanisani?"

"Ungemwambiaje wewe? Alinikataza hata wewe nisikuambie. 'Mama Koku, mtoto kajinyima kwenye baridi ile, halafu tumwambie kimefika maiti?' Akabandika vile viplasta vyake. Kila asubuhi akishakunywa chai, anakiweka mapajani. Vidole vinabonyeza, mdomo unaimba. Nikimwambia Mzee, majirani watasema umechanganyikiwa, ananijibu, nyamaza mwanamke, unaniharibia besi."

Basi jibu la swali lako ni ndiyo. Alikipiga kila siku kuanzia Desemba hadi alipolazwa. Hakuwahi kukisikia. Kilikuwa kizima muda wote. Kilikosa waya wa kufaa na kompyuta iliyokuwa kwenye chumba changu, hatua sita kutoka kiti chake. Wewe hukukosea. Ulituma kitu sahihi. Hakuna aliyejua kuwa kinahitaji mwenzake, na yeye aliyeona kimenyamaza hakutaka usikie.

Sikulia, Anselmo. Nilimsaidia Mama kuchambua mchele, tukamaliza. Nakuandikia hivi usije ukadhani nimekuficha, na usije ukadhani nina nguvu kuliko wewe. Sijui ni nini. Labda itakuja.

Jumamosi, tarehe 24, nilirekodi. Niliwasha ule mdundo wa kuhesabia, nikaushusha hadi mwendo aliouandika Baba, nikapiga kwa kidole kimoja nikifuata plasta zake. Sauti ya kwanza treki ya kwanza, ya pili treki ya pili, ya tatu treki ya tatu. Kwa sauti ya tatu, ya wanaume, nilibonyeza mara moja kitufe cha kushusha nota zote ziwe nene. Nilirudia mara nyingi, maana ukibonyeza kwa uoga inatoka kwa uoga. Ilipofika saa tisa nilikuwa nimemaliza. Mama alikuja akasimama mlangoni akasikiliza zote tatu pamoja. Alisema, "Kumbe wimbo wake ndivyo ulivyo." Kisha akarudi jikoni.

Sauti ya nne, besi, haipo. Kwenye ubeti imeandikwa, lakini kwenye kiitikio Baba amechora mistari na nukta zake zote, vyumba kumi na sita, na ndani hakuna nota hata moja. Brightson alipoona alitikisa kichwa.

"Mzee besi alikuwa haandikagi, anaitoa tumboni. Dada, niachie mie dakika kumi nijaze."

Nikamwambia hapana.

"Sasa nani ajaze? Kwaya bila besi ni nyumba bila msingi."

Nikamwambia yupo mtu. Akasema atasubiri hadi Jumatatu ya tarehe 9 Juni. Besi isipofika, anajaza yeye, na hatakuwa na kosa. Watu lazima wajifunze.

Wewe ulisimama kulia kwa Baba kwenye mstari wa besi tangu ukiwa na miaka kumi na sita hadi siku uliyoondoka. Nakumbuka mlivyokuwa mnatafuta besi uani, yeye anaanza, wewe unamfuata, hakuna karatasi. Najua umeniambia hujaimba tangu ufike huko. Najua pia kwamba karatasi zako za ukaazi hazikuruhusu kuja kumzika na hazitakuruhusu kuja tarehe 14. Sikulaumu kwa lolote kati ya hayo mawili.

Kwenye flashi kuna faili la wimbo na picha ya ukurasa wa kaunta buku. Programu ni ya bure, ipakue. Vaa spika za masikioni ili sauti hizi tatu zisiingie kwenye kipaza sauti chako. Usitumie kinanda. Imba kwa mdomo, kama alivyokuwa anaimba yeye. Ukikosea rudia, treki haichoki. Kisha nitumie kwa simu, na mimi nitampelekea Brightson.

Mama anakusalimu sana na anasema uvae soksi mbili. Clara anakupa shikamoo, mjomba wake. Muhdhar anasema pole, na kwamba hana tena wa kubishana naye mpira. Huda pia anakusalimu.

Mungu akulinde kwenye zamu za usiku na njia ya kurudi, na akupe pumzi.

Treki ya nne nimeifungua tayari. Ni tupu. Nimeiandika jina lako.

Ni mimi dada yako, nikupendaye leo kama jana,
Kokushubila