Miwani ya Vioo Vitupu

Dada mshauri, niokoe kabla sijaumbuka. Mimi ni kinyozi, na miwani yangu ilikuwa nene kama kitako cha chupa, ikiteleza kwa jasho na kujaa nywele za watu, hadi siku moja nikamnyoa mteja nyusi ambazo hakuniomba, ndipo daktari wa macho akaniambia naweza kupandikizwa lenzi ndani ya jicho, kidude chembamba kinachokaa mbele ya lenzi niliyozaliwa nayo, nami nikakubali, ila mke wangu akisikia habari za kisu na jicho hutetemeka, basi nikamdanganya nasafiri kutafuta mashine mpya za kunyolea, nikafanyiwa, na jamani, naona! Naona hadi buibui wa darini. Tatizo, kila asubuhi mke wangu huipulizia miwani yangu, huifuta kwa upindo wa gauni, hunivisha mwenyewe na kusema, “Haya, baba watoto, niangalie sasa,” na huo ndio wakati wetu, mengine yote ni mbio tu, kwa hiyo nimetia vioo vitupu kwenye fremu ileile, dawa ya matone nimeificha saluni, ya usiku naruka, na jicho la kulia limeanza kuwa jekundu. Nikisema ukweli, si atajiona hana kazi tena kwangu?

Macho Manne

Macho Manne, umenichekesha, halafu ukanipandisha hasira. Jicho jekundu baada ya upasuaji halisubiri gazeti. Funga saluni, nenda kwa daktari leo hii, mwambie matone uliyoruka, na usilipikiche.

Sasa mkeo. Mwanamke aliyefuta vile vioo vinene miaka yote, leo afute vya dirishani asijue? Hebu acha utoto! Vidole vyake vilijua siku ya kwanza. Anajua, kaka yangu, na bado anakuvisha, kwa sababu naye anaogopa hichohicho unachokiogopa wewe.

Nenda naye hospitali. Njiani mwombe radhi kwa ile safari ya uongo, na akikununia vumilia, umeyataka mwenyewe. Akimwuliza daktari maswali mia, nyamaza. Mkirudi, tupia miwani kabatini, kaa kitandani, inua uso, umpe ile chupa ya matone. Najua ukijitilia mwenyewe nusu yanaishia shavuni.

Siku dawa itakapokwisha, atakuwa amezoea kukushika uso bila sababu yoyote. Usimwambie imekwisha.