Kichuguu cha Spesioza

Esperansi, leo sikutegei kitendawili, hata salamu sina. Wamechimba kwenye kichuguu cha Spesioza!

Ndiyo, palepale! Ubavuni, tulipomlaza mwanawe mchanga, mimi, wewe na yeye, bila mwanamume hata mmoja kujua. Si ndivyo tunavyomzika mtoto ambaye hajapewa jina?

Sikiliza. Baada ya wewe kuhamia Urambo walikuja watu wa visima. Wakataka kila kaya itume kwa simu picha ya kichuguu kikubwa na mahali kilipo, eti penye kichuguu huwa na maji chini, waweke alama kwenye ramani. Eliasi, mume wa Spesioza, akatuma cha nyumbani kwake. Baba mtu, Esperansi! Alituma kwa furaha, mkewe apumzike kubeba ndoo.

Asubuhi hii Spesioza katoka kwenye tumbaku, kakuta mtambo unanguruma. Jembe likamponyoka.

"Baba Nestori, nani kawaonyesha hapa?"

Mume anacheka. "Mimi! Mama Nestori, maji yametoka, njoo uonje!"

Wanawake wanapiga vigelegele, yeye kakaa kwenye tope. Nikamshika bega, akautoa mkono wangu. Akasema mbele ya watu wote, "Mtoto wetu yuko hapo."

"Mtoto yupi?" mumewe akauliza.

"Yule aliyemtangulia Nestori."

Eliasi alitoa simu mfukoni, akaitafuta ile alama kwenye ramani. Anabonyeza, anabonyeza tena, huku anatuuliza sisi wanawake, "Inafutwaje? Jamani, inafutwaje?"