Shimo Walilochimba Juu ya Baba Yako

Korogwe, Jumatatu

Bibi, mke wangu mkubwa,

Shikamoo. Hujambo huko Sikonge? Mgongo unakuruhusu kuinama, au bado unausingizia ili Kulwa akulimie? Na wewe dada Kulwa unayemsomea, soma yote. Usiruke maneno makali ukadai mwandiko wangu mbaya. Ni mzuri kuliko wa mumeo. Mimi ni mzima, nimezidi kupendeza, ila nina hasira mpaka chakula hakipiti, na unajua hilo halijawahi kunipata.

Ile kazi ya ujenzi niliyokwambia, kumbe ni palepale. Ule uwanja wa ndege za vita wa enzi za Mwingereza, huku kwenye tambarare ya kuelekea Handeni, ambako baba yako alichukuliwa kung'oa visiki wewe ukiwa bado tumboni. Sasa wanaukumbuka. Kuna kamati, kuna fulana, kuna mnara. Mnara najenga mimi. Fundi mkuu yupo, lakini anayejua kupiga timazi ni mjukuu wako.

Siku ya kwanza tu nikautafuta ule mduara wa minyaa, ambao wenzake waliorudi walikusimulia kwamba ndimo alimozikwa yeye na wengine. Upo, bibi! Na ndani pamefagiwa. Nikauliza nani anafagia. Mama Mwanaidi, Mzigua anayetupikia hapa kazini, akajibu huku akisonga ugali:

"Nani mwingine? Nyie wapagazi wa kutoka Sikonge mkifa ugenini mnazikwa na sisi watani zenu, ndugu zenu wavivu wa safari. Bibi yangu alifagia, mama yangu alifagia, na mimi nafagia. Na kila nikifagia nawatukana."

"Mla mlenda we! Unamtukana baba wa mke wangu?"

Akanichapa na mwiko, kisha akaniongezea maharage. Tangu siku hiyo ananiita Mjukuu wa Maiti.

Sasa sikia ushenzi. Ijumaa nilitumwa mjini kuchukua nondo. Narudi, minyaa yote imekatwa, inachuruzika utomvu, na katikati ya mduara pamechimbwa shimo la msingi linalofika kiunoni. Eti kamati imeona mnara ukae hapo kwa sababu pameinuka, mgeni rasmi atatoka vizuri kwenye picha. Pameinuka! Hawakujiuliza pameinuliwa na nini?

Nikamwendea mwenyekiti wa kamati. "Mzee, haya ni makaburi."

"Kijana, kwenye ramani hakuna kaburi. Hapa tunawaenzi marubani."

"Na waliong'oa visiki, hao marubani wakapata pa kutua?"

"Hao walikuwa vibarua tu."

Vibarua tu, bibi! Nikatupa mwiko wangu wa kujengea, nikamwambia maneno ambayo hata Kulwa hawezi kukusomea. Akanifukuza kazi papo hapo, akaamuru zege limwagwe.

Ndipo Mama Mwanaidi akaweka chini ungo wake wa mchele, akakaza kanga kiunoni, akaingia shimoni akalala chali. "Haya, mwageni! Nizikeni na mpagazi wangu!"

Nawe unajua, mtani akiingia kaburini hatolewi kwa nguvu, anabembelezwa. Vibarua wote wakaweka sepetu chini. Wengine wanacheka, wengine wameshaanza kuomboleza kwa mbwembwe. Mwenyekiti anafoka, "Mtoeni huyu mwendawazimu!" Dereva wake, naye Mzigua, akatikisa kichwa: "Bosi, mimi simgusi. Huu ni msiba."

Kutoka shimoni ikasikika, "Sitoki mpaka aniombe radhi, na amtaje kwa jina aliyelala hapa!"

Mwenyekiti akageuka huku na huku. Jina hakuna aliyekuwa nalo ila mimi. Hata Mama Mwanaidi miaka yote alikuwa akitukana tu "mpagazi". Nikamwacha atoe jasho kidogo, kisha nikasema: Maganga Katunge. Akalitamka, bibi, fulana yake mpya imelowa mgongoni. Akalirudia kwa sauti, maana Mama Mwanaidi alidai hajasikia.

Shimo nimelifukia mimi mwenyewe. Matawi ya minyaa nimeyachomeka upya kuzunguka, yatashika. Mnara umehamishiwa kando, wamechimba msingi mpya. Lakini kazi sijarudishiwa, na kwenye jiwe litakalowekwa mnarani wameandika marubani peke yao. Ndiyo maana bado nachemka. Waulize wazee huko: wale waliozikwa pamoja na baba yako waliitwa nani? Nitumie majina. Nimekataa kupanda basi la kurudi mpaka yachongwe.

Nisalimie baba mdogo mfuga nyuki, asinimalizie asali. Msalimie shangazi muuza tumbaku, na shemeji, mume wa Kulwa, mwenye mwandiko wa kuku.

Fanya haraka, bibi. Shimo jipya la mnara bado liko wazi, na Mama Mwanaidi anasema mgongo wake, tofauti na wako, ni mzima.

Mumeo mdogo, fundi asiye na kazi,
Jumanne