Msiba wa Damari Mughwai, Aliye Hai

MAELEZO YA SHAHIDI

Kituo: Polisi, Singida Mjini
Tarehe: 21 Juni 1999, kuanzia saa 8:20 mchana
Kosa: Shambulio la mwili na kuharibu kamera
Mtuhumiwa: Zefania Elisha, fundi baiskeli
Jina la shahidi: Damari Mughwai
Umri: Miaka 46
Kabila: Mnyaturu
Dini: Mkristo
Kazi: Mkulima na mfugaji wa kuku
Makazi: Mtinko

Mimi niliyetajwa hapo juu nina akili timamu na sijalewa. Naanza na hilo kwa sababu Bwana Melkizedeki, mwandaaji wa mashindano ya urembo, amekwisha kuwaambia hapa kituoni kwamba mimi ni kichaa.

Mtuhumiwa Zefania ni mume wa mdogo wangu, Rahel. Happiness Simoni, msichana aliyevishwa taji la urembo la mji huu Jumamosi iliyopita, ni binti yangu wa kumzaa, ana miaka ishirini. Aliondoka nyumbani Januari mwaka huu akisema amepata kazi kwenye duka la mitumba la Melkizedeki. Huyo Melkizedeki zamani alikuwa karani wa duka la ushirika. Duka lilipokufa akawa mkurugenzi. Siku hizi kila mwenye kipaza sauti ni mkurugenzi.

Mnamo tarehe 20 Juni 1999, siku ya Jumapili, saa nne na nusu asubuhi, nilikuwa uani kwangu napepeta uwele. Nilisikia vilio vinatoka barabarani. Ikaingia pikapu imejaa ndugu zetu wa mjini, Zefania akiwa mbele, wanawake wamejifunga kanga viunoni, na nyuma kuna kuni na gunia la unga. Kwetu mtu akija analia huanzi kwa kumhoji. Unalia naye, mkishakaa chini ndipo mnaulizana. Kwa hiyo niliweka ungo, nikajifunga kanga, nikatoka kuwapokea kwa kilio. Nililia kama robo saa nikiwa nimekumbatiana na shangazi yangu, ambaye alikuwa amefumba macho. Alipofumbua akaniona ni mimi, alinisukuma na kukimbilia kwenye pikapu. Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba msiba ulikuwa wangu.

Zefania ndiye aliyeeleza. Jumamosi jioni alikuwa ukumbini kwenye mashindano. Kila msichana alitakiwa kueleza maisha yake, na Happiness akasema mbele ya watu wote kwamba baba yake alikufa ajalini, mama yake akafa mwaka jana kwa ugonjwa, yeye akalelewa na bibi kipofu, na ndiyo maana ana moyo wa kusaidia yatima. Ukumbi mzima ulisimama kimya dakika moja kwa ajili yangu. Zefania naye alisimama. Nilimwuliza, "Shemeji, nimekufa mwaka mzima na wewe hukupata habari?" Alijibu kwamba alidhani tulimficha kwa sababu ya ule ugomvi wetu wa mbuzi wa mahari. Huyo ndiye ndugu anayenitetea, na akili yake mnaweza kuipima wenyewe.

Alikuwa na kijitabu cha mashindano. Nilikisoma, maana nimefika darasa la saba. Kimeandikwa kwamba Happiness anapenda kuogelea. Wapi? Huyo akiona maji yamefika kwenye kifundo cha mguu anashika mti. Kimeandikwa anataka kuwa mwanasheria wa kimataifa na kuondoa umaskini. Shule aliiacha kidato cha pili kwa sababu mwalimu alimwambia apunguze kucha. Bibi yake hakuwa kipofu hata siku moja. Angekuwa kipofu asingemkamata mara zote zile na mkono ndani ya sukari. Baba yake yupo Itigi, anafanya kazi reli, na ana mke mwingine. Naye alitangazwa amekufa, lakini hakuna aliyepanda gari kwenda kumlilia, na sikushangaa.

Kilichonikera zaidi ni kwamba maisha yale aliyoyasema yana mwenyewe. Ni ya Yustina, mtoto wa marehemu dada yangu. Baba yake ndiye aliyekufa ajalini, mama yake ndiye aliyeugua akafa mwaka jana. Yustina ameishi kwangu akilala chumba kimoja na Happiness, na huyo mwenye moyo wa yatima hakuwahi kumpa hata kipande cha sabuni. Alimfanya amfulie. Kisha akachukua msiba wa mtoto wa watu akauvaa kwenda nao jukwaani.

Waombolezaji hawakuondoka siku ile. Walisema unga umeshafika na kuni zipo, basi walipika, na wakala jogoo wangu. Walipomaliza kula ndipo wakakumbuka kwamba jambo hili ni uchuro. Baba mkubwa Yeremia alisema aliyemtamkia mtu kifo ndiye anayetakiwa kukiondoa, kwa kinywa chake, mbele ya watu. Mimi si mtu wa kuamini kila kitu, lakini tangu jana jirani zangu wananisalimia kwa mbali, na mama aliyekuwa ananunua mayai kwangu kila wiki amesema atasubiri kwanza. Nilitaka Happiness aseme neno moja tu, kwamba niko hai. Nilijua kwamba akilisema atavuliwa taji na hatakwenda Dodoma kwenye mashindano ya kanda. Niliona hiyo ni bei ndogo.

Leo tarehe 21 Juni, saa tano asubuhi, mimi na Zefania tulimkuta kwenye kituo cha kulelea watoto yatima kilichopo nje kidogo ya mji. Alikuwa na taji kichwani na mkanda wa urembo begani, amempakata mtoto, mpiga picha yupo mbele yake. Msaada wenyewe ulikuwa gunia la mitumba iliyokosa wanunuzi. Niliona nguo za kuogelea za Kizungu na viatu vingi vya mguu wa kushoto.

Happiness aliniona. Aligeuza uso, akamnong'oneza Melkizedeki. Melkizedeki alinifuata akasema, "Mama, wanaoomba msaada wasubiri nje." Nikamwambia, "Mimi ni mama yake." Akasema, "Mama yake ni marehemu," akanisukuma begani, nikakaa juu ya lile gunia. Zefania akampiga kofi moja. Melkizedeki aliangukia kamera, ikavunjika. Yeye ameandikisha kwamba alipigwa ngumi tano. Mikono ya fundi baiskeli naifahamu. Kwa ngumi tano asingekuwa na mdomo wa kuandikisha.

Mlezi wa watoto, anayeitwa Martha, alimwuliza Happiness, "Binti, huyu mama unamfahamu?" Happiness alinitazama vizuri, akajibu, "Ndiyo kwanza namwona." Alisema hivyo amempakata yatima. Mpaka hapo nilikuwa na hasira tu. Baada ya hapo niliumia, na bado naumia.

Afande ameniambia kwamba nikileta cheti cha ubatizo cha Happiness, uongo wake utathibitika na kesi ya Zefania itakuwa nyepesi. Cheti ninacho ndani ya sanduku. Zefania nimemtetea kwa nilichokiona, lakini cheti sitakileta. Siwezi kutembea na karatasi kumwonyesha mtoto wangu kwamba nilimzaa.

Niliyoyaona na kuyasikia ni haya, nimeyasema bila kulazimishwa, nimesomewa nami nimeyakubali.

Sahihi ya shahidi: Damari Mughwai

Maelezo ya mwandishi: Nimeandika haya kwa Kiswahili mbele ya shahidi na kumaliza saa 10:05. Shahidi alipotoka ofisini, Happiness Simoni alikuwa peke yake kwenye korido akisubiri kuhojiwa, taji likiwa ndani ya mfuko wa plastiki. Alipiga goti na kusema kwa sauti ya chini, "Shikamoo mama." Shahidi alisimama akamwambia, "Ulinizika mbele ya ukumbi mzima. Nenda ukanisalimie hukohuko," kisha akatoka nje. Msichana alibaki amepiga goti. Nimeirekodi salamu hiyo kama uthibitisho kwamba anamtambua shahidi. Haikuitikiwa.

Koplo Obadia