Kimya cha Alhamisi

Kordoba, Hispania
Ijumaa, 7 Mei 1999

Mama yangu,

Shikamoo. Mimi mzima, kifua kimeacha kuuma tangu nilipotoka kwenye baridi ya Uingereza nikaliona jua. Na wewe, miguu imepungua kuvimba? Dawa unakunywa, au unamwambia tu Ami Marhun kwamba unakunywa?

Kabla hujasikia kwa mwengine: niko hapa peke yangu. Hii ni wiki yetu ya mapumziko kabla ya mitihani, na Hala, mwenzangu wa chuo, alikuwa aje nami. Tiketi tumeshakata, kaka yake akampigia simu kutoka nyumbani Nizwa, na yeye akafungua sanduku akarudisha nguo kabatini. Hakubisha hata neno. Nilimtazama mpaka masikio yakanipata moto kwa hasira. Kisha nikaondoka.

Jana, mama, laiti ungeiona. Nyumba za mji huu zina ua katikati, kama zile za Unguja ulizokuwa ukinisimulia, na mwezi wa Mei wenyeji hufungua milango ili mpita njia yeyote aingie aone maua. Kuta zimetundikwa vyungu mpaka juu ya madirisha. Niliingia nyumba baada ya nyumba, na kila mlango swali ni lile lile: "Uko na nani?" Mzee mmoja alichungulia nyuma yangu, kama kwamba mume wangu amejificha kwenye kona. Nikamwambia, "Peke yangu," kwa nguvu mpaka akarudi nyuma. Neno hilo la Kihispania nimejifunza kabla ya "maji". Huku wananiuliza, huko mnaniuliza. Mtu mzima wa miaka ishirini na tatu, siwezi kutosha mwenyewe?

Bibi mmoja tu, Encarna, hakuuliza. Alinipa mwanzi mrefu uliofungwa kopo nchani, akanionyesha vyungu vya juu. Ndivyo wanavyomwagilia. Kopo la kwanza lote lilinimwagikia kichwani, wanawake wakacheka, na mimi nikacheka. Mchana wakanipa supu baridi ya nyanya na mkate, juu yake vipande vya nguruwe. Nikatikisa kichwa. Encarna akaanza kuviokota kwa vidole. Nikatikisa tena. Akautazama mtandio wangu, akajipiga kipaji cha uso, akaniletea bakuli jipya lenye yai.

Jioni walikaa duara, mmoja akaimba kwa sauti ya kukwaruza, wengine wakapiga makofi, nusu yao wakiyaingiza baina ya makofi ya wenzao. Nikayashika upesi, si ndiyo ya harusini kwetu? Wakanisukuma katikati. Nikaimba ule wimbo wa kumtoa bibi harusi ndani. Niliimba kwa kelele, mama, mpaka majirani wakatoka kwenye roshani. Sikumbuki lini nilipiga kelele namna ile.

Nisalimie wote.

Mwanao,
Wiam


Ibra
19 Mei 1999

Mwanangu Wiam,

Marahaba. Namshukuru Mungu, miguu ni ile ile, na dawa nakunywa kweli. Barua yako imefika jana, nimeisoma mara mbili jikoni. Nakuandikia kwa sababu simu iko sebuleni kwa ami yako, na nikinong'ona wananambia niseme kwa sauti.

Alhamisi hiyo hiyo unayonisimulia, baada ya Isha, ami yako alikufungia milka ya ndoa. Umeshakuwa mke wa Zuhair, mtoto wa Khelef, yule anayefanya kazi serikalini Nizwa. Imebaki harusi tu, Agosti ukirudi.

Posa nilikuwa naijua. Tangu mwezi wa Machi ami alinambia, "Shemegi, nimemwandikia, tumsubiri." Nikasubiri. Siku ile nikaona sinia za halwa zinashushwa garini. Nikamuuliza, "Kwani Wiam amejibu?"

Akacheka. "Mwari hujibu? Nimemuuliza, kanyamaza. Kimya chake ndiyo idhini yake, sheria yenyewe ndivyo isemavyo. Na mimi ndiye walii wake wa kumwoza tangu kufa kwa ndugu yangu, au umesahau?"

Wanaume walikuwa wameshajaa ukumbini, kwenye majlisi. Aliya, mke wake, akanishika mkono: "Bi Kaltham, usituharibie. Piga vigelegele." Nikapiga.

Zuhair si mtu mbaya. Aliniamkia kwa Kiswahili, na vijana wa kwao siku hizi hawakisemi. Huenda ikawa ni kheri, mwanangu. Nijibu.

Mama yako,
Kaltham


Leeds
30 Mei 1999

Mama,

Shikamoo. Mimi mzima wa mwili. Mengine usiniulize.

Nimekwenda bweni la zamani, lile nililohama Januari, na anwani mpya nikawapa nyote, ami naye akiwemo. Barua yake ilikuwa chini ya rundo la matangazo ya piza, gundi haijabanduka. Humo ndimo nilimonyamaza! Mistari mitatu kumsifu Zuhair, mmoja kuniambia nivae nguo nzito.

Sheria hiyo anayoisema nami nimesomeshwa. Mwari akiulizwa akanyamaza, huhesabiwa ameridhia kwa kuwa ameona haya. Lakini anayemuuliza yuko mbele yake, anamwona uso. Akilia, ataona. Ami aliona uso gani? Saa aliyokuwa akiwaambia watu nimenyamaza, mimi nilikuwa naimba mbele ya ua mzima wa watu nisiowajua. Alisikia kimya gani yeye?

Na wewe ulipiga vigelegele. Nilipolifikia neno hilo niliiweka barua chini nikaenda kunawa uso. Tangu mdogo mnanikanya kwa mdomo wangu. Leo mtu anakwambia Wiam kaulizwa juu ya maisha yake akakaa kimya, na wewe hukumcheka?

Simchukii Zuhair, simjui. Lau angekuja kuniuliza mwenyewe, labda ningemfikiria. Sasa hata hilo wameniharibia, sitajua kamwe.

Ndani ya bahasha kuna karatasi ya Kiarabu, jina langu na saini yangu: sikuulizwa, na sikubali. Ipeleke mahakamani kwa kadhi. Usimpe ami. Ukishindwa, niambie umeshindwa, usiniambie kheri. Nami sitarudi katika nyumba ambayo mtu husemewa angali hai.

Mwanao,
Wiam


Sur
4 Julai 1999

Mwanangu Wiam,

Marahaba. Usishangae anwani. Niko Sur kwa mama yako mkubwa, Mahfudha. Mimi mzima, na yeye anakusalimia.

Karatasi yako niliikalia siku nyingi, nasema kweli. Kisha Jumatano moja wanawake walikwenda kwenye soko letu, lile wasiloingia wanaume. Nikasema nami naenda. Nikapanda teksi, sokoni sikushuka, nikaenda mpaka mahakamani. Kadhi akamwita ami yako, na Zuhair, na mimi.

Akamuuliza ami yako, "Msichana alinyamaza?"

"Alinyamaza, sheikh."

"Ulikuwepo aliponyamaza?"

"Yuko Ulaya, sheikh."

"Basi nani alimsikia akinyamaza?"

Karani alijifanya anakohoa. Ami yako akasema aliandika barua na barua haikujibiwa. Kadhi akamwambia, "Barua haioni haya, Marhun. Barua hupotea."

Hapo ami yako akanigeukia, kidole usoni pangu. "Muulize huyu! Mama mzazi! Kapiga vigelegele mpaka mtaa wa pili!"

Wote wakanitazama. Nikasema, "Nilipiga, sheikh. Na mimi sikuulizwa."

Sijapata kusema vile mbele ya wanaume. Wala sikuyarudisha maneno.

Zuhair akasimama, uso umemwiva. "Mimi niliambiwa karidhia. Kama hakuridhia, mimi si mtu wa kuletewa mke kama mzigo wa bandarini." Akatoka bila kumuaga ami yako. Nilimwonea huruma, naye kadanganywa kama mimi. Kadhi akasema hapana ndoa.

Nyumbani hawakunifukuza. Ami yako aliacha tu kuniitikia salamu, na Aliya akawa ananipakulia sahani ya peke yangu, mimi niliyekula nao sinia moja tangu baba yako afariki. Nikafunga nguo zangu. Hapa vyumba ni viwili na choo ni kwa foleni, lakini naitikiwa.

Hasira zako juu yangu sikuombi uziache. Ila nami ninazo zangu, uzijue. Uliniandikia kama kwamba usiku ule nilikuwa na nyumba ya kukimbilia. Sikuwa nayo. Hata hii ya Mahfudha ilinibidi niiombe.

Sasa mimi nakuuliza, kwani sioni kama nimepata kukuuliza. Ukimaliza masomo, utakuja Sur tubanane hapa, au utabaki huko utafute kazi? Lolote utakalosema nitalipokea, japo moja litaniliza. Niandikie kwa anwani hii. Na barua yako isipofika, mwanangu, nitajua kitu kimoja tu: kwamba haijafika.

Mama yako,
Kaltham