Asali Inakuya Nyuma

Jumatatu, 14 Oktoba 2024

Siku ya 113. Sijanywa.

Naandika hivyo kila siku kwa sababu Kavugho alisema niandike. Daftari hili alilinunua yeye. Ukurasa wa kwanza ni mwandiko wake na sahihi yangu: Mimi Delphin sitakunywa kasiksi ya ndizi, wala kindingi kikali, wala bia ya chupa, mpaka Noeli. Halafu akambeba binti yetu Bénite, akapanda gari la Beni, akarudi kwa baba yake. Alisema daftari ni langu peke yangu, hata yeye hatalisoma.

Haki yake kuondoka. Ile Dominika ya Juni nilimchukua mtoto tukatembee kidogo, nikamsahau kwenye benchi la baa. Miaka minne! Jirani alimleta nyumbani amelowa mvua chapachapa. Mimi nilifika nyuma yao, nikauliza kama chakula kimeiva. Hiyo ya chakula ndiyo inayoniumiza zaidi.

Leo Malachie kaniita bureau, ofisini kwake. Malachie ndiye tajiri wangu, anaagiza vipuri vya magari Japani, mimi namtunzia depo. Juu ya meza katoni imefunguliwa: makopo matatu ya bia, chupa nne za whisky. Wajapani wake wamemtumia zawadi. Sasa anataka kujua kama vinaweza kuuzwa kwenye mahoteli ya Butembo. Yeye ni Mbaptisti wa kweli, hajawahi kulamba hata divai.

— Delphin, wewe ulikaa kontwari ya hoteli ukiuza pombe miaka kumi na mbili. Niandikie kila moja iko na gout gani, ladha gani.

Nikamwambia nina kiapo. Akasema, mais kuonja si kunywa!

Nimerudi nyumbani na katoni.

Jumatano, 16 Oktoba

Siku ya 115. Sijanywa. Nimeonja.

Nimesoma ukurasa wa kwanza mara tatu. Bia ya chupa. Kavugho ana mwandiko mzuri, hakuna shaka hapo. Chupa. Haya ni makopo.

Tena nimetumia kijiko — kile cheupe cha plastiki cha dawa ya kikohozi ya Bénite. Kimebaki kabatini. Hakuna aliyewahi kulewa kwa kijiko cha dawa.

Kopo la fedha: kavu. Inaingia, inasalimia, inaondoka kabla hujauliza habari. Malachie alipitisha simu yake juu ya maandishi, simu ikatafsiri: mchele. Bia ya mchele! Sisi mchele tunapika Noeli na siku ya ubatizo, wao wanauchachusha. Lakini si mbaya. Ingefaa saa sita mchana, na samaki wa Vitshumbi mezani.

Kopo la nyota: hii ina adabu. Uchungu wa kweli, na mkate nyuma yake. Ningeinunua.

Kopo lenye mnyama, nusu farasi nusu joka: tamu mwanzoni, baadaye chungu kwenye mashavu. Kijiko kimoja hakitoshi kuielewa. Vijiko vitatu.

Zote tatu ni safi mno. Zimefagiliwa. Hakuna hata moja inayokukamata kama kasiksi, ile nzito ambayo karibu uitafune kabla ya kumeza. Nimemwandikia Malachie hivyo, kwa Kifaransa kizuri.

Nilikuwa natema. Karibu zote.

Ijumaa, 18 Oktoba

Siku ya 117. Kijiko.

Whisky tatu. Ya nne nimeiacha, imefungwa vizuri sana, Malachie bado anafikiri aifanyie nini.

Ya kwanza, chupa ndefu: nyepesi. Simu inasema wenyewe wanaichanganya na barafu na maji ya gesi. Sielewi! Mtu anakaa miaka akisubiri pombe ikomae, halafu anaitia maji. Ukitaka maji si unywe maji? Lakini nilijaribu na maji ya Ruwenzori ya chupa. Haina mashaka. Inashuka kama haipo, na hiyo ndiyo hatari yake.

Ya pili: moshi. Nilifumba macho nikaona jiko la bibi yangu, nyanya wa Masereka, viazi ndani ya majivu, baridi nje. Nilikaa nayo muda mrefu. Sikutema. Mtu hatemi nyanya yake.

Ya tatu inanuka kanisa. Kweli! Mbao za mapipa yao zina harufu ya ubani. Kijiko cha kwanza nilitaka kufanya ishara ya msalaba. Cha pili nilikumbuka siku ya ndoa yetu, Kavugho na soda yake ya Fanta, akiwaambia wajomba zangu kwamba pombe hajawahi kuionja na hataanza kwa ajili ya arusi.

Hapo nikaacha. Nimeosha kijiko mara tatu kwa sabuni. Bado kinanuka.

Dominika, 20 Oktoba

Gamaliel amepiga simu! Shemeji yangu, ndugu ya Kavugho. Mzee Kahongya, baba yao, amekubali nije. Dominika ijayo. Nilete mbuzi mmoja wa kuomba msamaha, na pombe ya heshima, si ile ya hapa ya kila siku.

— Na unajua desturi ya ile nyumba, Delphin.

Najua. Mdogo wake mzee alikufa baada ya kunywa glasi moja kwenye matanga. Wengine wanasema tumbo, lakini mzee anasema sumu mpaka leo. Tangu siku hiyo, kwake mwenye kuleta kinywaji ndiye anayeonja kwanza, mbele ya wote. Ukikataa, hutahitaji kueleza tena, watakuwa wameshaelewa kwamba ni sumu.

Nikamwambia Gamaliel, lakini nimeapa kwa dada yako. Akasema, donc, basi, mutaonana na mzee.

Halafu simu ikapita kwa Bénite. Sauti yake imekua.

— Papa, ungali nakunywa?

Nikasema hapana, maman, mtoto wangu. Hapana! Nilisema haraka sana. Akasema sawa, akaanza kunieleza habari za bata wa jirani.

Siku ya 119. Leo hata kijiko sikukigusa. Naapa.

Jumanne, 22 Oktoba

Siku ya 121. Sijanywa, sijaonja.

Malachie amefurahi na maandishi yangu, amesoma ya nyanya mara mbili. Amenipa ile chupa ya nne nimpelekee baba mkwe. Ya mraba, nzito, imezibwa kwa karatasi yenye herufi zao nyeusi. Nzuri kuliko zote. Karibu nilie mbele yake.

Nimenunua mbuzi. Yuko uani, anakula masanduku ya vipuri.

Njia ya Beni ilifungwa jana, leo imefunguka. Jirani amepokea watu tisa kutoka Luofu, wamekimbia vita na magodoro tu. Mama mmoja aliniuliza mke wangu yuko wapi. Nikasema amesafiri. Watu wanakimbia risasi, na wangu amenikimbia mimi. Nimeona aibu mpaka kwenye kucha.

Alhamisi, 24 Oktoba

Siku ya 123.

Nitaandika kama ilivyokuwa, maana hakuna anayesoma.

Nilikaa na ile chupa ya mraba mezani tangu saa nane. Nikafikiri: nampelekea mzee kitu nisichokijua. Kama ni kibaya? Kama kinachoma? Aibu! Tena kule nitalazimishwa kuonja, sasa kuna tofauti gani kuonja kule na kuonja hapa? Mtu akitafuta sababu hazikosi. Nilichemsha maji, nikaishikilia ile karatasi juu ya mvuke, ikabanduka yenyewe, taratibu, kama stempu.

Kijiko kimoja.

Mwanzoni ni moto mtupu. Unataka kuchukia. Unasema, hii ni ya kuwashia jiko. Halafu unahesabu: moja, mbili, tatu, nne — na asali inakuja. Si mdomoni. Nyuma, kooni, pale unapodhani mambo yameisha. Asali ya msituni, nyeusi, yenye nta. Sijawahi kuonja kitu cha namna hiyo. Miaka kumi na mbili kontwari, sijawahi!

Vijiko vinne. Vitano. Baadaye nilitumia kifuniko.

Nimerudisha karatasi kwa gundi. Chupa imepungua upana wa kidole. Kioo chake ni kinene, haionekani.

Ijumaa, 25 Oktoba

Sijui niandike nini kwenye hesabu.

Nimekumbuka jambo: zile herufi zilikuwa zinatazama juu au chini? Nimezigeuza zile chupa tatu nyingine kulinganisha, kila moja ina yake. Huenda nimeibandika kichwa chini. Nani Beni anasoma Kijapani? Hakuna. Lakini naiangalia tena na tena kama mwizi.

Ningeweza kupiga simu sasa hivi, nimwambie Kavugho, nilianguka, kijiko, nisamehe. Simu iko hapa. Kisha naona mbuzi, naona Dominika, naona Bénite.

Nitamwambia akisharudi nyumbani.

Jumamosi, 26 Oktoba. Beni

Nimefika. Asante Mungu.

Nilipanda gari la Kasimu. Mbuzi alifungwa nyuma. Kasimu aliona mfuko wangu.

— Ni nini hiyo?

— Ya baba mukwe.

— Mi ni Muislamu, ndugu yangu. Gari yangu haibebe pombe. — Akaangalia pembeni. — Weka chini ya kiti. Mi sijaona kitu.

Karibu na Maboya, ambako magari huviziwa, hakuna aliyezungumza. Askari, vizuizi, vitambulisho. Kasimu alisoma dua yake, mimi nikasali Salamu Maria, mbuzi akalia. Tulipofika Beni wote tulianza kuongea kwa wakati mmoja.

Nalala kwa rafiki, mtaa wa pili kutoka kwa kina Kavugho, commune ya Ruwenzori. Mzee hakanyagi tena shamba lake la kakao kwa hofu ya waasi, wanasema anakaa nyumbani tu na anakonda. Kwa hiyo nitamkuta.

Nimepiga pasi shati.

Dominika, 27 Oktoba

Niko uani kwa Mzee Kahongya, kwenye gogo karibu na mbuzi. Wameniambia nitoke kidogo. Daftari lilikuwa kwenye koti. Naandika maana sijui mikono niiweke wapi.

Ilianza vizuri. Misa, halafu sebuleni. Mzee, Gamaliel, mashangazi wawili. Kavugho na kitenge cha kijani. Hakunipa mkono, lakini alikuwa ameniwekea kiti chenye mto. Bénite alinirukia shingoni, akaninusa mdomo. Miaka minne! Akamwambia mama yake, hainuke. Watu wakacheka. Mimi pia.

Nikaomba msamaha kwa kupiga magoti, nikasema yote ya benchi na ya mvua. Mzee akasikiliza, akapokea mbuzi. Nikatoa chupa. Wakaipitisha mkono kwa mkono, wakaigusa ile karatasi. Shangazi mmoja akasema, angalia maandiko ya batu, kama miguu ya kuku! Gamaliel akaifungua, akamimina.

Mzee akasukuma glasi kwangu.

— Delphin. Mwenye kuleta njo anaonja wa kwanza.

— Papa, niko na kiapo. Mpaka Noeli.

Mzee hakuondoa mkono kwenye glasi. Niliona uso wake unajifunga. Nilijua anamfikiria mdogo wake.

Na Kavugho akasimama.

— Papa, huyu bwana hapana kunywa tena. Leo ni siku mia moja makumi mbili na sita. Mi nahesabu. Mi nitaonja pa nafasi yake.

Anahesabu! Huko Beni, bila daftari, alikuwa anahesabu pamoja na mimi.

Akachukua glasi. Yeye ambaye hata siku ya arusi alikunywa Fanta. Mbele ya baba yake anayeogopa sumu, akaweka mdomo kwenye kitu nilichokileta mimi, kwa sababu nimekileta mimi. Akameza. Uso ukakunjamana wote.

— Yoo! Iko kama petroli!

Sebule nzima ikacheka. Mzee mwenyewe alicheka, meno nje. Nilikuwa na furaha — naandika hapa, sijapata furaha kama ile tangu Bénite azaliwe. Na kwa furaha hiyo, nikamwambia mke wangu:

— Ngojea kidogo, Mama Bénite. Asali inakuya nyuma.

Moja, mbili, tatu, nne.

Niliiona ikimfikia. Macho yalifunguka, akagusa koo lake. Kweli ilikuwa asali. Halafu akanitazama.

Mzee ndiye aliyeuliza, polepole:

— Nani alikuambia?

Ningeweza kusema Malachie. Malachie ambaye hajalamba hata divai. Shangazi aliichukua chupa, akaipeleka dirishani kwenye mwanga. Gamaliel akasema nitoke nje kidogo.

Sauti ndani ni za chini. Mbuzi amekula ncha ya mkanda wangu. Bénite amekuja kuniuliza kama tunaondoka leo, nikamwambia akamuulize mama. Ameenda.

Kavugho ametoka.

Amekaa kwenye gogo, upande wa pili wa mbuzi. Hana hasira, na hilo linanitisha. Ameuliza:

— Uko naandika nini?

Nimesema, ngojea nimalize.

Anangoja. Haangalii ukurasa, alishasema hatasoma. Lakini najua nikifunga kalamu ataniuliza swali moja tu, kama niliandika ukweli kila siku. Na jibu liko hapa, kwa kalamu yangu, pamoja na kijiko cha mtoto. Nimpe? Nikimpa, atasoma na ya Alhamisi. Nisipompa, atakuwa ameshaisoma usoni mwangu.

Imebaki mistari michache ya ukurasa huu. Naandika herufi ndogo. Naandika polepole. Ameweka mkono wake kwenye goti, kiganja juu, na bado anangoja, na mimi bado naandika