Jiko la Mama Lisilo na Moshi

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu tele, na uwagawie wifi na watoto kabla hujazimaliza peke yako. Mgongo wako unaendeleaje? Wifi aliniambia bado unabeba magunia ukijiona kijana, nikamshauri akufiche viatu. Sisi huku hatujambo. Kikohozi cha mama kimeanza kupungua, na hilo ndilo lililonikalisha niandike, maana lina kisa kirefu.

Unajua kazi yangu ya sasa ni kupita nyumba kwa nyumba nikiwashawishi watu wapikie biogesi. Ulinicheka, ukasema nilisoma miaka yote ile ili nije kunadi kinyesi cha ng'ombe. Cheka tu. Mimi bado sijaacha kushangaa. Unakoroga samadi na maji, unamimina kwenye tangi lililofukiwa nyuma ya zizi, na humo gizani vijidudu usivyoviona vinakula na kutoa gesi inayopita kwenye bomba hadi jikoni. Siku ya kwanza niliweka sikio kwenye mfuniko nisikie vinavyokula. Fundi aliyelijenga akaniuliza kama vimeitikia salamu.

Tangi la kwanza mtaani tulilijenga kwa mama, kwa kuwa daktari alishasema kifua chake hakiwezi tena moshi. Fundi alimweleza kila kitu, akamwonya pia kwamba dawa ya kusafishia choo isikaribie pale, maana itaua vijidudu na moto utazimika. Mama aliitikia kwa adabu zote, kisha akaendelea na kuni zake. Alidai chai ya gesi haina ladha. Nikawa nampikia mimi kwenye gesi, naye anakula huku amenuna.

Halafu mwali ukaanza kufifia, ukazimika kabisa. Majirani waliokuwa wakijiandaa kujenga matangi yao wakaanza kunong'ona kwamba hayo ni mambo ya wasomi. Mimi na fundi tukapaka bomba povu la sabuni kutafuta linapovuja, tukachunguza hata majani anayokula ng'ombe. Wapi. Unanijua, swali likiniingia kichwani sipati usingizi. Nikafunua mdomo wa tangi, nikainama kunusa. Harufu niliyokutana nayo ni ya choo cha hospitali.

Nilidhani mama ametaka kupunguza harufu ili wageni wasituseme. Nikaanza kumweleza taratibu, akanikata kauli. Alisema yeye alimwelewa fundi vizuri sana siku ile. Dawa aliimimina makusudi.

Nilipomuuliza sababu, alijibu huku akichochea kuni. Alisema tangu tumzike baba hatujamtaja humu ndani hata mara moja. Wewe na mimi tukija, tunazungumza kazi, bei za vitu na kifua chake. Yeye humlilia mumewe jikoni. Penye moshi, mtu akimkuta na machozi haulizi kitu. Sasa nikimwondolea moshi, akaniuliza, atamlilia wapi?

Imeniuma sana. Tulinyamaza tukidhani tunamhurumia, kumbe tumemwacha peke yake.

Tulilimwaga tangi lote, tukaanza upya na samadi mbichi, safari hii mama mwenyewe akikoroga. Tulingoja majuma kadhaa. Juma lililopita mwali ukarudi, wa buluu, na majirani wakaja kuutazama. Walipoondoka, mama akabandika maji ya chai. Jikoni palikuwa peupe kabisa. Nikamwomba anisimulie alivyokutana na baba. Kumbe mzee alijifanya fundi cherehani ili apate kuzungumza naye, akaishia kumharibia gauni. Mama alicheka, akalia, akacheka tena, nami nikakaa pale pale.

Ukimpigia simu, usianze na kifua. Mwulize habari za lile gauni, kisha umwache aseme. Anakusalimu sana, na fundi pia anakusalimu.

Ni mimi mdogo wako, mnusa matangi.